Mwanga wa Ploti ya Jirani

Chuo chetu kilikuwa na mabweni machache kuliko wanafunzi, na hilo ndilo lililonipa kazi zangu mbili. Wengi wetu tuliishi katika mitaa ya Nairobi. Asubuhi tulikuja kwa miguu kutoka Kware na Pipeline, wengine tukatoka Umoja, kila mtu na begi lake mgongoni. Mimi nilikaa Umoja kwa shangazi yangu, katika nyumba iliyoongezwa chumba mbele, chumba nyuma na vyumba juu, mpaka ile nyumba ya awali ikabaki katikati kama kokwa ndani ya embe. Chumba cha mbele shangazi alikuwa amempangisha mama mmoja ajenti wa nyumba. Ofisi yake ilikuwa meza, viti vya plastiki, na ubao aliouegemeza nje ya mlango ukiwa umeandikwa mahali palipo na vyumba wazi. Aliuza na mashamba ya kule Njiru, lakini riziki ya kila siku ilitoka katika vyumba vya Kware.

Siku moja alinikuta nje nikisoma, akaniuliza kama miguu yangu ni mizima. Nikamwambia ni mizima. Akanituma nimpeleke mteja akaone bedsita, nyumba ya chumba kimoja, iliyokuwa juu kabisa ya jengo moja, kwa maana yeye magoti yalikuwa yamekataa ngazi. Mteja aliichukua ile nyumba. Tangu hapo nikawa nikitoka darasani napitia kwake kuchukua funguo.

Kuonyesha nyumba ni kazi ya kupanda ngazi na kunyamaza. Mteja mwenyewe hufungua bomba, hugonga ukuta, hunusa choo. Ukiongea sana anajua kuna kitu unaficha. Nami nilijifunza kutazama anachotazama yeye. Nilijua jengo ambalo maji hupanda mpaka juu na jengo ambalo huishia njiani. Nilijua keateka, yaani mwangalizi wa jengo, aliye mkali na aliye mlevi, na nyumba iliyo juu ya kanisa lenye vipaza sauti. Wanafunzi wenzangu walipoanza kuja, niliwaambia yote hayo kabla hawajauliza, kwa sababu ningekutana nao darasani kesho yake. Habari ikaenea. Uchaguzi wa wanafunzi ulipofika, wakanisukuma nigombee nafasi ya kuwakilisha wanaoishi nje ya chuo. Wagombea wengine walikuwa na sera. Mimi nilikuwa na funguo. Nikapita.

Nilifurahi, na nikadhani hizo kazi mbili ni moja tu. Asubuhi namtafutia komredi, mwanafunzi mwenzangu, chumba, jioni namsemea akionewa humo chumbani. Nilikwenda kwa chifu kuhusu taa za barabarani, nikawafuata wenye majengo kuhusu ngazi zisizo na vyuma vya kushikia. Wengine walinisikiliza kwa kuwa ni kiongozi wa wanafunzi. Wengi zaidi walinisikiliza kwa kuwa niliwaletea wapangaji.

Jengo nililolipenda kuliko yote Kware halikuwa zuri kwa sura. Lilikuwa na orofa saba, rangi yake ya machungwa ilikuwa imechubuka, na kona za ngazi zilikuwa kali hivi kwamba kitanda kilipandishwa kikiwa vipande. Lakini ubavu wake mmoja ulitazama ploti isiyojengwa. Majengo mengine yamesimama bega kwa bega, na taa ndani yake huwaka adhuhuri. Hili lilipata jua. Nilipomwingiza mteja chumbani, sikuhitaji kusema neno. Nilikwenda moja kwa moja dirishani nikavuta pazia. Nje kulikuwa na kibanda cha mabati, vitalu vya sukuma wiki, na anga. Nikawajaza wanafunzi humo, kuanzia orofa ya nne kwenda juu, mpaka keateka akaanza kuliita jengo hilo hosteli.

Katika orofa ya pili aliishi dada mmoja Mwislamu, fundi wa kushona. Wazazi wake walifika nchini wakiwa wakimbizi kabla yeye hajazaliwa. Yeye ni mtoto wa Nairobi, na Sheng yake ilikuwa mbele ya yangu. Cherehani yake aliiweka palepale dirishani. Alishona sare za shule, madera na mapazia, na wanafunzi walimpelekea suruali za kupunguza. Stima ikipotea, jengo zima lilipiga kelele kwa pamoja, kisha kukatulia, na katika utulivu huo ungesikia cherehani yake ya kanyagio ikiendelea.

Mwenye ile ploti nilikutana naye ofisini kwetu. Alikuja Jumamosi moja, mzee mrefu mwenye koti la suti juu ya sweta, kofia mkononi. Alitoka magharibi ya nchi akiwa kijana, akafanya kazi kiwandani Industrial Area mpaka akastaafu. Ploti aliinunua wakati Kware ilipokuwa bado mashimo ya kuchimbia mawe, na jamaa zake walimcheka kwamba amenunua shimo. Sasa alitaka kujenga. Alitaka ajenti ambaye angemshauri vyumba vya namna gani vinapendwa, kisha amtafutie wapangaji jengo likiisha. Mwajiri wangu alisimama akampisha kiti chake mwenyewe, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya. Alipomaliza kumsikiliza, akanikabidhi kazi ile. Alisema Kware ni yangu, kila kokoto naijua.

Tukaenda na mzee kuona mahali. Alifungua kufuli la lango la mabati, nikaingia nyuma yake. Nilipoinua macho nikaona madirisha ninayoyajua moja moja, maana kila moja nilikuwa nimelifungua kumwonyesha mtu kilichoko nje. Siku zote hizo sikuwa nimejiuliza hiyo nje ni ya nani.

Mwanafunzi mmoja aliniona kutoka juu akapunga mkono. "Niaje, kiongozi!"

Nikampungia. Mzee akaniuliza kama nawajua watu wa pale. Nikamwambia nawajua, nilihamisha wengi wao mwenyewe. Akafurahi, akasema basi nitamjazia na lake vilevile. Kisha akatembea kutoka pembe hadi pembe akinionyesha mawe ya mpaka. Ukuta wake ungesimama juu ya mpaka pande zote, kama walivyofanya wenzake wote. Alikuwa amengoja miaka mingi mno, alisema, hawezi kuacha hata upana wa kiatu chake.

Sheria inataka majirani waulizwe kabla ya jengo kama hilo kuanza, kwa hiyo haikupita muda akaja mtu kugonga milango ya jengo la machungwa akitaka maoni. Ndipo wanafunzi wakajua. Kundi letu la wasap lilichemka mchana kutwa. Jioni mtu akatuma picha yangu, nimesimama ndani ya ploti kando ya mzee, nanyoosha kidole kuelekea ukuta wa jengo lao. Picha peke yake ilitosha.

Jumapili alasiri wakaniita juu ya paa, katikati ya kamba za nguo. Aliyesimama kusema alikuwa kijana aliyekuwa akisomea ujenzi, mtaratibu, ambaye sikuwahi kumsikia akipaza sauti. Hata siku hiyo hakupaza. Alianza kwa kunishukuru kwa yale niliyowafanyia, nami nikajiandaa, kwa sababu shukrani za namna hiyo huwa na kitu nyuma yake.

"Tunataka kujua tu uko upande gani," akasema.

Nikawaambia ukweli: yule mzee ni mteja wa ofisi ninayofanya kazi, na wao ndio walionichagua.

"Hizo ni pande mbili."

"Najua."

Mtu akacheka nyuma ya shuka zilizoanikwa. Wengine walikuja na mapendekezo. Kulikuwa na waliotaka tulale barabarani kuzuia malori ya mawe, na waliotaka kwenda redioni. Sikuwapinga, kwa kuwa sikuwa na jambo bora la kuwaambia. Niliomba tu niruhusiwe kwanza kuzungumza na mzee. Wakakubaliana kunisubiri mpaka lori la kwanza lionekane.

Nilimweleza mwajiri wangu kila kitu, maana sikutaka asikie kwa wengine. Alikuwa akimenya njegere kwenye sinia, hakuacha. Aliniambia mwenye ploti ndiye mteja, na wale wengine ni majirani. Jirani husalimiwa, mteja huhudumiwa. Nikamuuliza, na wale wanafunzi, si sisi tuliowaingiza mle kwa sababu ya madirisha hayohayo? Akatupa maganda kando.

"Walishahamia, mama," akasema. "Mteja akishahamia ni mpangaji. Mpangaji ni wa mwenye nyumba."

Sikumchukia kwa neno hilo. Alikuwa amelea watoto kwa kazi ile, na mipaka yake aliichora ili asiliwe na matatizo ya mtaa mzima. Lakini nililibeba lile neno siku nyingi. Lilikuwa linaeleza mambo mengi niliyoyaona Kware bila kuyaelewa. Kila mtu alikuwa na mahali ambapo kujali kwake kulikoma, na mara nyingi palikuwa palepale mlangoni, funguo zikibadilisha mikono.

Mzee alikubali kupanda jengo la machungwa pamoja nami. Sikumficha sababu. Nilimwambia wale watu wanaogopa giza na wamenichagua niwasemee, na kwamba akiona sifai kumfanyia kazi aniambie. Akasema kwanza twende tuone hilo giza lenyewe.

Alipumzika kila kona ya ngazi. Nilimpeleka kwa dada mshonaji, ambaye alikuwa amekubali tuje. Akampa kiti karibu na dirisha na kikombe cha chai ya tangawizi, akaendelea na kazi yake, kwa kuwa alikuwa na sare za watu za kumaliza. Mzee aliinama akachungulia chini. Akaniambia hajawahi kuziona sukuma wiki zake kutoka juu. Kisha akamgeukia yule dada.

"Mimi, mama, maisha yangu yote nilifanya zamu ya usiku," akasema. "Mchana ndio nililala. Nilitundika blanketi dirishani nipate giza. Jua lilikuwa adui yangu."

Dada akamwambia anaelewa, kwani babake alikuwa mlinzi wa usiku, nao watoto walifundishwa kutembea kwa vidole asubuhi. "Lakini baba alikuwa anatafuta usingizi," akasema. "Mimi natafuta tundu la sindano."

Mzee akatabasamu. Hata hivyo hakuwa ameshindwa. Aliweka kikombe chini akasema, kwa upole, kwamba dirisha lile limefunguka juu ya ardhi yake. Aliyelijenga hakuacha hata nafasi ya kupita paka upande wake, akachukua mwanga wa mwingine kana kwamba ni wake, akawapangishia watu. Sasa mwenye ardhi anaambiwa yeye ndiye mbaya. Mzee alikuwa amesema kweli.

Tuliposhuka nilijua kwamba kama mtetezi nilikuwa nimeishiwa na maneno. Nilikuwa nimemwomba huruma, naye alikuwa nayo, lakini huruma yake haikuweza kushindana na miaka ya kungoja. Tulifika chini, akaanza kuniaga. Ndipo nikakumbuka kwamba alikuwa ameniajiri, na kwamba katika kazi aliyoniajiria bado sikuwa nimemshauri lolote. Nikamwomba anipe muda kidogo zaidi.

Mtaa uliofuata kulikuwa na jengo ambalo funguo za vyumba vyake vya nyuma zilikuwa karibu kila mara mkobani mwangu. Tuliingia saa sita mchana, jua likiwa utosini, na kwenye korido taa ilikuwa inawaka. Nikafungua chumba kimoja. Kilinukia rangi mbichi, maana kilikuwa kimepakwa tena baada ya mpangaji kuondoka. Mzee alikwenda dirishani akalifungua, akatoa mkono nje, na kiganja chake kikatulia juu ya ukuta wa jengo la pili. Nyuma ya ukuta huo redio ilikuwa ikisoma matangazo ya vifo, nasi tukasikia kila jina la ukoo na kila mahali pa mazishi.

Nikamwambia ninachokijua. Chumba kile nilikuwa nimekionyesha kwa watu wengi. Aliyekichukua alikichukua kwa kukosa pengine, na siku alipopata pengine aliondoka. Vyumba vya mbele katika jengo hilohilo havikufika kwenye ubao wetu hata mara moja. Mtu akitaka kuhama, jirani yake humleta ndugu yake kabla hatujasikia. Akijenga mpaka juu ya jiwe la mpaka, upande wake wote unaotazama jengo la machungwa ungekuwa na vyumba kama kile tulichosimama ndani yake. Giza atakalowapa wale wanafunzi, atajipa na yeye.

Hakutoa mkono wake ukutani. "Nyumba ya giza haikai mtu," akasema polepole, kama anayejaribu methali ambayo bado haijakuwa methali.

"Hukaa, mzee. Lakini hadumu."

Kisha akarudisha mkono ndani, akafunga dirisha. Mwishowe akauliza, akiacha nafasi, aache kiasi gani.

Swali hilo sikuweza kulijibu. Nililipeleka kwa yule kijana wa ujenzi. Mwanzoni alikataa hata kuketi, akidhani nimetumwa. Kisha udadisi ukamshinda, akatafuta penseli. Alichora majengo mawili yakitazamana, akachora na miale ya jua ikiingia katikati, na alivyozidi kuchora ndivyo uso wake ulivyozidi kuwa mzito. Nafasi ambayo mzee angeweza kuivumilia ingewafaa watu wa juu. Watu wa katikati wangebaki na mwanga wa kuridhisha. Kuanzia orofa ya tatu kwenda chini ungepungua, na wale wa pili na wa kwanza wangebaki na weupe mdogo tu usiotosha kusomea. Alitafakari, akaongeza kwamba kama ukuta wa mzee ungepakwa rangi nyeupe, ungerudisha mwanga kiasi.

Tulikutana wote ndani ya ploti, tumekaa juu ya mawe na viti vya kuazima. Mwajiri wangu alikuja bila kuitwa, akaketi kando, mkoba mapajani. Wanafunzi walidai nafasi pana zaidi. Mzee aliwasikiliza, halafu akawauliza wamemwambia nini mwenye nyumba yao, aliyeweka madirisha juu ya mpaka wa mtu. Hakuna aliyekuwa amemwendea. Ilikuwa rahisi zaidi kumkasirikia mzee aliyekuwa mbele yetu kuliko mtu ambaye hatukuwahi kumwona.

Basi tukamwendea, mimi na kijana wa ujenzi na wanafunzi wengine wachache. Alikuwa na nyumba yenye lango kubwa, mbali na Kware. Hakutoka. Alimpigia simu keateka wake, na keateka akatupigia sisi tukiwa bado tumesimama nje, akatueleza kwa aibu kwamba mwenye nyumba anasema asiyeridhika ahame. Tulirudi kwa miguu kipande kirefu cha njia tukizungumza juu ya mambo mengine kabisa, na kwa mara ya kwanza tangu ile picha, hakuna aliyeniuliza niko upande gani.

Mzee akaacha nafasi. Haikuwa pana kama walivyotaka wanafunzi, wala nyembamba kama alivyotaka mwajiri wangu, ambaye aliona vyumba kadhaa vikipotea katika ramani na akaniambia waziwazi kwamba nimemharibia mteja. Ukuta ungepakwa rangi nyeupe. Hakuna lori lililozuiwa. Katika kundi la wasap wengi walishangilia.

Kijana wa ujenzi hakushangilia. Alinifuata chuoni baada ya somo, tukasimama kwenye kivuli cha jengo la maktaba. Alisema kazi nimefanya, hawezi kukana. Kisha akasema jambo ambalo alikuwa amelifikiria siku kadhaa.

"Umewaokoa waliokupigia kura."

Sikuelewa, mpaka alipoanza kunitajia wakazi. Juu kodi ni nafuu kwa sababu ya ngazi, kwa hiyo juu ndiko walikokuwa wanafunzi, wenye miguu ya kukimbia. Chini waliishi watu wazima: wafanyakazi wa viwandani, vibarua, mama mwenye watoto wadogo, yule dada na cherehani yake. Hao hawakuwa kwenye kundi la wasap. Hawakuja juu ya paa. Katika mkutano wa ploti alikuwepo mmoja tu, naye aliondoka mapema kuwahi zamu.

Nilijitetea. Nilisema sikuyapanga mimi, ni jua ndilo linaloingia kutoka juu. Akakubali. Lakini tulikuwa tumeketi tukagawana mwanga, akasema, na waliokuwa mezani ndio waliopata. Yeye pia alikuwa mezani. Chumba chake kilikuwa orofa ya tano. Ndiyo maana lilimsumbua.

Nimelifikiria neno lake mara nyingi kuliko hotuba zote nilizosikia chuoni. Nilikuwa nimedhani kwamba ugumu wa kuwa na kazi mbili ni kwamba nitavutwa huku na huku, mteja mkono wa kulia na komredi mkono wa kushoto. Kumbe hao wawili waliweza kupatana. Waliosahaulika ni wale ambao hawakuwa wateja wangu wala wapiga kura wangu, ambao niliwaamkia kila siku kwenye ngazi.

Mawe yalipanda. Siku ukuta ulipolipita dirisha la orofa ya pili nilikuwapo, nimekwenda kumwona dada mshonaji. Mafundi walikuwa wakiimba upande wa pili, karibu kabisa nasi, na chumba kikabadilika rangi taratibu kama maji yanayotiwa majani ya chai. Aliinua kitambaa akakisogeza karibu na macho. Aliniambia nisiwe na uso wa matanga. Alikuwa ameishi penye giza zaidi ya hapo. Lakini kazi ile hawezi kuifanyia pale, na kulipia taa kutwa nzima hawezi.

Nikamtafutia mahali. Haikuwa kazi ya ofisi. Mwajiri wangu alijua, hakunikataza. Nilipata chumba Umoja, cha mbele, kilichojengwa kwenye uwanja wa nyumba ya zamani na mlango wake kufungukia barabarani. Mwenye nyumba alikuwa mama mmoja wa kanisani kwa shangazi. Alipenda kusikia kwamba ni fundi, mtu mtulivu, asiye na wageni wa ovyo. Kisha akauliza jina, nikamtajia. Akauliza ni watu wa wapi.

"Ni wa hapa Nairobi, mama," nikasema. "Amezaliwa hapa kama mimi."

Akasema si kwamba ana ubaya na mtu, ila watu wataongea. Shangazi, aliyekuwa amenisindikiza na ambaye hadi hapo alikuwa akivutiwa zaidi na kuku wa mwenyeji wetu, akamuuliza kama watu hao watakaoongea wanajua kushona, kwa sababu yeye ana kitenge kimekaa mwaka mzima kabatini. Yule mama akacheka. Akaniambia basi nimlete. Dada akahamia mwisho wa mwezi, na cherehani yake ikawa inatazama barabara yote ya mtaa, vumbi na jua pamoja.

Uchaguzi uliofuata sikugombea. Nilimwambia kijana wa ujenzi agombee yeye, akapita. Jambo lake la kwanza lilikuwa kuitisha mkutano wa wakazi wa jengo la machungwa chini uwanjani badala ya juu ya paa, tena saa za kubadilisha zamu, ili watu wa viwandani waweze kuja. Walikuja wachache. Mkutano wa pili walikuja zaidi, na ulikuwa na kelele nyingi, kwa sababu watu wa chini walikuwa na mengi ya kuwaambia watu wa juu kuhusu maji machafu na muziki.

Mwajiri wangu naye alinihamishia Njiru kuonyesha mashamba. Sijui kama ilikuwa adhabu au kupandishwa cheo. Kwake vitu hivyo viwili hufanana. Kule hakuna ngazi. Unasimama na mteja kwenye udongo mweusi, upepo unawapiga, mnatafuta mawe ya mpaka ndani ya nyasi. Kila mara mteja akinyoosha mkono kunionyesha ukuta wake utakapopita, namuuliza jirani yake atajenga wapi. Wengine huona ni swali la ajabu, maana jirani bado hayupo, kuna mbuzi tu. Wengine husogea hatua ndani ya mpaka wao, wakatazama tena.

Jengo la mzee lilipoisha alimtaka mwajiri wangu anitume mimi. Nikarudi Kware na funguo mpya. Ile nafasi kati ya majengo mawili haikukaa tupu. Mama mboga alikuwa ameshaweka kreti zake kwenye mdomo wa nafasi hiyo, na mtu asiyejulikana alikuwa ameacha magurudumu ya pikipiki. Mzee alilalamika kila siku na hakuondoa chochote. Ukuta mweupe ulikuwa umeanza kushika vumbi. Lakini mwanga ulikuwa ukifika, juu mwingi, chini haba, kama ulivyochorwa.

Mzee mwenyewe alikuwa amehamia orofa ya tano ya jengo lake, upande wa nyuma. Nilipompeleka mteja kuona chumba kilichofuatana na chake, nilimkuta mzee ameegemea dirishani kwake, mlango wazi. Ng'ambo, katika jengo la machungwa, mwanafunzi mmoja ambaye sikumjua alikuwa akipiga mswaki dirishani. Alitema, akafuta mdomo, akamwamkia mzee shikamoo.

"Marahaba," mzee akamjibu. "Ule mtihani wa jana ulikuwaje?"

Kijana akasema hesabu zilikuwa ngumu. Mzee akamwambia akapumzike kidogo kabla ya ule mwingine. Mteja wangu, mama aliyefanya kazi hospitalini na aliyekuwa amekuja na mwanawe mgongoni, alikuwa bado anafungua na kufunga bomba. Alikwenda dirishani akatazama nje, akatazama ukuta, akatazama juu. Kisha akaniuliza kama anaweza kuhamia Jumamosi.